Ini Liko Upande Gani

Jumamosi, 30 Novemba

Mwanangu Yahaya kapiga simu kutoka Kondoa, anataka niandike. Anasema, "Mama, andika kila unachokiona kwa huyo mtoto, halafu kila Ijumaa baada ya swala utanisomea." Haya, naandika. Mtoto mwenyewe ni Ikram, binti yake, mwaka wa kwanza chuo cha afya. Analala chumba changu cha nyuma hapa mtaani Kikuyu tangu wiki iliyopita. Wenzake walianza masomo wiki moja kabla yake, maana baba yake alichelewa kumpandisha basi. Sababu sijaambiwa.

Nimemdhamini. Nilimwambia Yahaya, akiharibika akiwa kwangu niulizwe mimi. Akasema akifeli, au akionekana na mwanaume, anarudi Kondoa siku hiyo hiyo na chuo basi. Nikasema sawa.

Kuandika najua. Nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima nikiwa na mimba ya huyo huyo Yahaya. Cheti ninacho, anayebisha aje akione.

Jumapili, 1 Desemba

Joto na vumbi. Kaosha vyombo bila kuambiwa. Nimetia shaka.

Jumanne, 3 Desemba

Ana kitabu. Kikubwa kama sinia la pilau, kurasa zinateleza. Nilikifungua akiwa bafuni. Nimeishi miaka sabini na sijaona kitu kama kile. Watu uchi. Na si uchi wa kuvua nguo, uchi wa kuvua ngozi. Kuna mwanaume kasimama na minofu yake yote nje, mikono kaiachanisha na mwili kama anayesubiri kupimwa kanzu, macho kayakodoa. Kila mnofu umevutiwa mstari na jina la Kizungu. Ukurasa wa mbele yake mwanamke kapasuliwa kifua mpaka kinena, na wala hana habari, nywele kazichana vizuri.

Ikram alipotoka nikamuuliza, hiki nini?

"Atlasi, Bibi. Ramani ya mwili."

"Ramani ni ya nchi."

"Na mwili nao wanauchorea ramani. Sisi tunaoanza hatuwezi kuona ndani ya mtu, ndiyo maana tunasoma kwenye picha."

"Na hawa watu wanajua kwamba wamechorwa hivi?"

Akacheka. Sikuona cha kuchekwa. Nimekifunika kwa kanga. Akitaka kusoma afunue, akimaliza afunike.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemsomea Yahaya. Akauliza, "Kuna mwanaume?" Nikamwambia yupo, kwenye kitabu, hana ngozi. Akasema, "Mama, usilete mzaha." Sikuleta mzaha.

Jumanne, 10 Desemba

Wingu lilikaa juu ya kilima cha Chimwaga tangu asubuhi, saa tisa likaja huku. Matone makubwa, vumbi likanuka, likakata. Haitoshi kupandia.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimekuta mfupa ndani ya begi lake. Mfupa wa mkono wa mtu, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, umefungwa kwenye mtandio. Nikakaa juu ya kitanda nikasoma dua zote ninazozijua. Halafu nikaushika. Mwepesi. Nikaugonga kwenye mbao ya kitanda, ukalia kama ndoo. Plastiki. Umetengenezwa na mtu mzima mwenye akili zake.

Amesema kaazimwa chuoni na anatakiwa kuurudisha. Nikamuuliza, basi mbona umeufunga kwenye mtandio? "Ningekuonyesha wazi ungeniacha nilale humu?" Nisingemwacha. Lakini anayeficha kimoja anaweza kuficha kingine.

Jumamosi, 14 Desemba

Mwanaume amekuja. Anaitwa Tadeo, anasoma naye darasa moja, Msandawe wa kule Chemba. Mrefu, kola imechakaa lakini imepigwa pasi. "Shikamoo Bibi." Nikaitikia kwa sababu salamu haina kosa. Kasema wanasoma pamoja kwa kuwa kitabu ni kimoja, yeye hana. Nimewaweka barazani, mlango wazi, mimi katikati yao nachambua mchele. Mchele haukuwa na mawe. Niliurudia mara tatu.

Wakasoma maneno hayo yao kwa zamu, mmoja anasema mwingine anarudia, kama watu wanaoita kitu. Halafu simu ya Tadeo ikalia, akaongea lugha yao ile ya kudonoa kwa ulimi, huku ananitazama. Nikamuuliza umesema nini juu yangu?

"Nimemwambia mama, hapa kuna bibi mkali lakini uji wake mzito."

Nimeliandika. Mwanaume: Tadeo. Mara ya kwanza.

Ijumaa, 20 Desemba

Sikumsomea Yahaya lile la Tadeo. Nilimwambia simu inaishiwa chaji, nikakata. Simu ilikuwa na chaji. Nataka kwanza nijue ninachokisema.

Jumatatu, 23 Desemba

Mvua ya kweli. Nimepanda uwele nyuma ya nyumba na karanga mistari minne. Sidonia wa jirani kapita ukutani: "Mama Yahaya, yule kijana mrefu ni mkwe?" Nikamwambia kama hana kazi aje anisaidie kupanda.

Jumamosi, 28 Desemba

Leo nimekikamata hicho kitabu kwenye uongo.

Mimi nauza supu ya mbuzi Jumamosi na Jumapili, mwaka wa thelathini na moja sasa. Hashimu mchinjaji ananichinjia hapa hapa uani, tunamning'iniza mbuzi kwa miguu ya nyuma, tumbo limenielekea mimi, Hashimu anapasua na mimi napokea. Nimetoa maini mengi kuliko hao waliochora. Nikifumba macho mkono wangu unakwenda wenyewe: ini mkono wangu wa kulia, tumbo lile kubwa na taulo zake mkono wa kushoto.

Leo Ikram alikuwa ameshikilia beseni, nikamwambia lete kitabu chako. Akaleta. Nikatazama mtu aliyepasuliwa. Ini limechorwa upande wa mkono wangu wa kushoto.

"Kitabu kimekosea," nikasema.

"Bibi, kimeandikwa na maprofesa."

"Wamechinja mbuzi wangapi?"

Hashimu akacheka mpaka akaweka kisu chini. Ikram akasema mtu si mbuzi. Nikamwambia mtu anakula na mbuzi anakula, mtu ana nyongo na mbuzi ana nyongo, Mungu hana sababu ya kuhamisha. Nikamshika mkono nikautia ndani ya mbuzi kungali na joto. Kulia kwako, umelipata? "Nimelipata." Kushoto kwako, bandama, imejibana kwenye tumbo. "Nimeipata." Nikamwambia hayo ndiyo masomo, usiache picha ikupotoshe. Alitazama mkono wake muda mrefu. Nadhani leo ndiyo siku ya kwanza ameamini nina kichwa.

Ijumaa, 3 Januari

Mvua hakuna. Nimemsomea Yahaya habari za Tadeo, zote. Nilitegemea afoke. Akasema, "Andika na saa anazokuja."

Jumatano, 8 Januari

Mvua hakuna. Uwele umenyauka ncha.

Jumanne, 14 Januari

Leo wana tesiti ya mwili. Kaondoka na uji tu tumboni. Kaniambia, "Naiona yote kichwani, Bibi." Jua kali, hakuna hata wingu la kudanganyia.

Jumatatu, 20 Januari

Kafeli. Ishirini na tisa kwa mia.

Alikuja na karatasi akaiweka juu ya meza, akaenda chumbani, akafunga mlango. Mimi nikaiangalia ile karatasi. Mtu kachorwa, vitu vyake vina namba, na yeye kaandika majina. Wekundu kila mahali. Nikamfuata Tadeo barazani, maana alikuja nyuma yake na kusimama tu.

"Wewe umepata ngapi?"

"Hamsini na nane, Bibi."

"Kwa hiyo unamchezea akili, wewe unapata yeye anakosa."

"Bibi, angalia vizuri. Majina yote anayajua. Figo anaijua, pafu analijua. Amegeuza pande. Kila cha kulia kaandika cha kushoto, kila cha kushoto kaandika cha kulia. Karatasi nzima. Mwalimu kasema hajawahi kuona mtu anakosea kwa mpangilio hivi."

Nikamwuliza mwalimu hakuwafundisha pande? Akasema alifundisha wiki ile ya kwanza. Wiki ambayo Ikram alikuwa bado Kondoa.

Marudio ni tarehe kumi na saba Februari. Akifeli na hayo haruhusiwi kukaa mtihani wa muhula. Anafungasha.

Sikupika. Tumekula viporo.

Ijumaa, 24 Januari

Nimemwambia Yahaya. Lazima niandike alivyopokea. Akauliza, "Kafeli kweli?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena, "Umeona karatasi kwa macho yako?" Sauti laini, laini kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kukipenda. Mimi nimemzaa. Najua sauti yake akiwa na huzuni, na ile haikuwa yenyewe.

Ijumaa, 31 Januari

Manyunyu, kisha jua. Yahaya kauliza saa za Tadeo. Sikuuliza kitu, akajisemesha mwenyewe: "Uwesu anamsalimia Ikram." Nikamwambia Uwesu yupi? "Yule wa mashine ya alizeti." Namjua. Ana mashine mbili na wake wawili. Nikamuuliza anamsalimia Ikram kwa lipi? Akasema mtandao unakatika.

Sasa nimeanza kusoma daftari hili kuanzia mwanzo. Kila Ijumaa kauliza mwanaume, kauliza makosa, kauliza saa. Hakuna Ijumaa hata moja aliyouliza kama mtoto anakula.

Jumatano, 5 Februari

Mvua tangu alfajiri. Korongo limejaa, watoto hawakuvuka kwenda shule.

Kafariki mama yake Mudrick, mtaa wa pili. Nikaitwa. Mimi ni mwosha maiti za wanawake hapa mtaani, kazi hii niliianza Kondoa nikiwa na miaka ishirini na minane. Nilichokiona kwake sitakiandika, mwosha haelezi. Naandika kilichonipata mimi.

Tulikuwa watatu chini ya shuka. Yule binti mgeni tunayemfundisha alisimama miguuni pa marehemu, akaambiwa aanze na mkono wa kulia, akaushika wa kushoto. Ulikuwa mkabala na mkono wake yeye wa kulia. Nikampiga kofi kwenye vidole, nikamwambia maneno niliyoambiwa na Bi Hana aliyenifunza mimi: si kulia kwako wewe, ni kulia kwa marehemu, wewe hapa huna kulia. Nimeyasema maneno hayo mara mia.

Halafu nikasimama na kata ya maji mkononi.

Yule mtu wa kwenye kitabu amenielekea. Anatazamana nami. Kulia kwake ni kushoto kwangu, kama marehemu ukisimama miguuni pake. Na mbuzi wangu ananing'inia kichwa chini, kwa hiyo kulia kwake kunaangukia kulia kwangu. Miaka thelathini na moja nimesema kulia na ikawa sawa, kumbe ni kwa sababu mbuzi kageuzwa. Maprofesa hawakukosea. Mtoto nimempoteza mimi, kwa mkono wangu, ndani ya mbuzi, na nikamwambia asiache picha impotoshe.

Wenzangu wakauliza, "Bi Tabu, vipi?" Nikasema maji ya moto.

Alhamisi, 6 Februari

Sijamwambia. Mvua.

Ijumaa, 7 Februari

Sijamwambia. Yahaya alipiga mara tatu, sikupokea. Ikram anasoma kitabu kakigeuza juu chini, halafu anakigeuza tena, halafu analia bila sauti. Anadhani simwoni.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwambia. Nilikuwa nachambua utumbo, nikasema bila kumtazama, "Lile la mbuzi nilikufundisha vibaya." Nikamweleza. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Tadeo aliniambia. Mwalimu naye aliniambia. Nawasikia, Bibi, lakini nikishika kalamu mkono unakumbuka yule mbuzi."

Kama mkono ndio unaokumbuka, basi tuufundishe mkono. Nikavaa gauni langu jeusi lililopauka, nikatandika jamvi, nikalala chali, mikono nikaiachanisha na mwili kama yule asiye na ngozi. Nikamwambia simama miguuni, chukua chaki, nichore.

"Bibi, siwezi."

"Nitafanywa hivi siku moja na watu wasionijua vizuri kama wewe. Anza. Ini liko upande gani?"

"Kulia."

"Kulia kwa nani?"

"Kwa marehemu."

"Marehemu nani?"

"Si wewe, Bibi."

Tukacheka wote wawili, mimi nimelala na ini lililochorwa nusu.

Jumatano, 12 Februari

Nimechorwa mara tisa. Mgongo unauma. Leo kakosea mbili tu, pafu na kidole tumbo. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili, kwa sababu moyo unalisukuma. Sikujua. Nimeutembeza moyo huu miaka sabini.

Jumamosi, 15 Februari

Nitaandika mpaka kalamu iishe.

Saa nne asubuhi, mvua ndogo. Mimi nimelala jamvini sebuleni, macho nimefumba, maana maiti hakodoi. Ikram kasimama miguuni na chaki. Tadeo yuko barazani, katupa mgongo kama nilivyomwamuru, anasoma maswali kwenye kitabu kwa sauti.

"Namba kumi na mbili, bandama. Upande?"

"Kushoto."

"Kwa nani?"

"Kwa marehemu. Bibi, usitikisike, kongosho linahama."

Nikasikia geti. Nikasikia mfuko umeanguka majini, na sauti ya Yahaya: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun." Nikafumbua jicho moja.

"Sijafa. Vua viatu, matope hayo."

Akabaki mlangoni, maji yanamchuruzika. Akanitazama mimi na michoro yangu, akamtazama binti yake na chaki, akamtazama Tadeo. Tadeo akasimama, "Shikamoo baba."

"Huyu ndiye."

"Huyu ndiye," nikasema. "Itikia salamu."

"Marahaba," akaisema chini chini. Halafu, "Ikram, fungasha. Kesho basi la asubuhi."

"Baba, mtihani ni Jumatatu."

"Umeshafeli."

"Ndiyo maana narudia, baba."

Akanigeukia mimi. "Mama, naomba daftari. Wajomba zake wanataka kuisoma sababu wenyewe."

Nikajiinua, nikakaa. "Sababu ya nini?"

Akakamua maji kwenye shati lake.

"Uwesu umemjibu nini?"

Akatazama miguu yake. "Baada ya Ramadhani."

"Ulimjibu lini?"

"Mama, Uwesu ni mtu mwema. Atamjengea."

"Nimeuliza lini."

"Oktoba."

Oktoba. Kabla mtoto hajakanyaga geti hili. Ndiyo maana basi lilichelewa. Aliona haya kumnyima chuo mbele ya mama wa mtoto na mbele yangu mimi, akanitafuta nimtafutie kosa, na mimi kwa kiburi changu cha kujua kuandika nikamwandikia mpaka saa.

Chaki ilimvunjikia Ikram mkononi. Nikaona kwamba hilo la Oktoba ndiyo kwanza analisikia leo, kama mimi.

Nikamwambia Yahaya akae. Hakukaa. Nikamwambia tena kwa Kirangi, lugha ya kwetu, akakaa. Nikaleta daftari, nikavaa miwani, nikamsomea tarehe tano Februari yote, na ile ya mbuzi, na ile ya kwamba kila Ijumaa hakuuliza kama anakula. Kuisoma ile ya mbuzi mbele ya mwanangu na mbele ya kijana wa watu si jambo nililolipenda.

Nikamaliza nikasema, "Ulisema anayefeli anarudi Kondoa. Aliyefeli ni mimi. Yeye aliandika nilichomfundisha, hakukosea hata kimoja. Kama basi la kesho lina nafasi, nipandishe mimi."

"Mama, mimi watu nishawapa neno."

"Mimi pia nilitoa neno, nikasema niulizwe mimi. Basi niulize."

Mvua ikaongezeka kwenye bati, hatukusikiana. Ilipopungua akasema, "Na akifeli Jumatatu?"

Nikamtazama Ikram. Akaitikia kwa kichwa yeye kwanza, kabla yangu.

"Akifeli Jumatatu kafeli mwenyewe," nikasema. "Nitampeleka stendi mimi, na begi nitabeba mimi."

Yahaya akanywa chai, akarudi na basi la mchana. Tadeo alimshikia mwavuli mpaka barabarani. Sijui walisema nini njiani. Nimemuuliza Tadeo, kasema hawakusema kitu. Simwamini sana, lakini shaka ni kidogo kuliko zamani.

Jumatatu, 17 Februari

Nimekwenda naye mpaka getini pa chuo. Mlinzi akasema wazazi hawaruhusiwi. Nikamwambia sikuja kuruhusiwa, nimekuja kukaa. Nikakaa kwenye tofali.

Ameniambia ilivyokuwa: meza ishirini, kila meza mwili wa plastiki umebandikwa namba, unapewa dakika moja, kengele inalia unahamia nyingine. Nikamuuliza mkono ulikumbuka nini? Akasema hajui. Alikuwa anasimama kila meza anasema kimoyomoyo "kwa marehemu", na msimamizi akamwambia aache kunong'ona.

Uso wake haukuniambia kitu.

Alhamisi, 20 Februari

Mlenda umeota kila mahali. Tumekula mlenda. Begi lake liko chini ya kitanda, nimeangalia. Halijafungwa wala halijafunguliwa.

Ijumaa, 21 Februari

Yahaya hakupiga. Mimi sikupiga.

Jumatatu, 24 Februari

Sitini na nane. Ya kufaulu ni hamsini.

Alinionyesha kwenye simu, nikamwambia nataka karatasi, akarudi chuoni kwa miguu akaileta. Nimeikagua namba kwa namba. Kuna pande mbili kakosea. Nimemwambia hizo mbili ni zake mwenyewe, asinitupie mimi.

Nikampigia baba yake. "Kapata sitini na nane."

Nikasikia kuku wa kwake. Nikasikia mtu anamuuliza kitu.

"Na Uwesu nimwambie nini?" akasema.

"Ulipomwambia baada ya Ramadhani hukuja kuniuliza. Hilo lako. Mimi nasubiri."

"Unasubiri nini, Mama?"

"Unajua."

Akasema salio langu litaisha. Nikamwambia limejaa. Ikram alikuwa mlangoni na karatasi yake, anajifanya anaikunja. Nikakaa na simu sikioni, sikusema, sikukata. Nikasikia anafukuza kuku. Nikasikia anakaa. Ilipita kama dakika mbili, labda zaidi, ndipo akasema hongera.

Nikamwambia alirudie, maana anayepewa si mimi, nikampa Ikram simu.